Sirene ni ya mgonjwa, haiko ya mkubwa



Sirene ikilia mu mji wetu, swali la kwanza haliko «nani mgonjwa?». Swali ni: «Njo mkubwa gani tena anapita?» Simama pembeni ya barabara yoyote, kuanzia kwetu Makomeno mpaka katikati ya mji, kuanzia Kenya mpaka Ruashi, utalisikia. Mtu anageuza kichwa, anaangalia kama ni jipu ya walinzi wenye silaha. Kama ni yenyewe, anatoka mbio, juu anaogopa fimbo. Kama ni ambulansi, anabaki pale pale. Taxi-bus inaendelea kupakia. Motari anapita katikati. Ambulansi inalia nyuma yao kama mbuzi aliyefungwa.

Halafu kunafika siku shofere wa ambulansi anachoka kulia bure. Anakanyaga, anatoka mu mstari wake, anaingia ku upande wa wale wanaokuja. Njo pale inatokea: moto iliyobeba watu watatu, au mama anayevuka na beseni yake, au gari ingine iliyokuwa na haki ya kupita. Mgonjwa mmoja alikuwa anaenda hospitali, sasa wamekuwa watano, na gari ya kuwapeleka iko chini, magurudumu juu.

Tunaandika juu ya hiyo ajali, ile inayofanywa na gari iliyoitwa kuokoa. Mu mji wetu kila mtu anaijua na hakuna anayeandika juu yake. Ikitokea, watu wanasema «shofere alikuwa mbio» na inaisha pale. Sisi tunakataa iishie pale. Shofere ni mtu wa mwisho mu mnyororo mrefu, na wengine wote mu ule mnyororo wanalala vizuri.

Tuanze na sheria, juu iko. Nchi yetu iko na Kodi ya barabara, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya zamani kuliko sisi wote tunaoandika hapa, lakini haijakufa. Tena Kongo imo mu mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Mapatano haya yanasema vitu viwili. Cha kwanza: ukisikia sirene na ukiona taa ya gari la kipaumbele, unaliachia njia, na kama inalazimu unasimama. Hiki cha kwanza kila shofere wa escorte anakijua kwa moyo. Cha pili: gari la kipaumbele linaweza kuruhusiwa kuacha kanuni zingine za barabara, lakini kwa sharti moja, lisiwatie watu wengine mu hatari. Hiki cha pili ni kama hakikutafsiriwa kamwe. Sirene inaomba njia. Haisemi kama njia imekwisha kupatikana. Shofere anayefika ku makutano kwa mwendo wa 80 akisema moyoni «wamenisikia» anafanya kitu ambacho hakuna sheria ilimruhusu.

Sasa tuangalie nani analia sirene mu Lubumbashi.

Ambulansi, ndiyo. Gari ya wazima-moto, ndiyo, siku ikipatikana na ikiwa na maji. Polisi inapokimbilia tukio, sawa. Lakini hesabu zile zingine. Jipu ya mkubwa anayeenda kula. Jipu ya bibi ya mkubwa inayotoka soko. Gari ya kusafirisha falanga za banki. Gari ya kampuni fulani ya mgodi inayochelewa mkutano. Msururu wa harusi, msururu wa matanga. Na kijana mwenye falanga kidogo aliyenunua taa na sirene mu duka, akaziweka ku gari yake kwa sababu zinampendeza na hakuna aliyemuuliza. Kila mmoja wao anakopa sauti ya mgonjwa, na deni analipa mgonjwa. Sauti ikilia mara ishirini kwa siku na mara kumi na nane ni ya kiburi, mara ya kumi na tisa hakuna anayesogea. Hata sisi tuliosoma hatuwezi kumlaumu mama wa soko ambaye hasogei. Amejifunza kutoka ku barabara yenyewe.

Wakubwa watatujibu: ni mambo ya usalama. Tunajua hilo jibu. Kama kweli kuna hatari juu ya maisha ya mtu, polisi wanajua kumlinda bila kupiga kelele mpaka mji wote ujue kwamba anapita. Na kama hatari ni ambutiyaji tu, basi hiyo hatari tunaishi nayo wote, na dawa yake ni barabara. Mkubwa akikwama mu foleni nusu saa kila siku, pengine ile barabara itatengenezwa. Tunasema hivi kwa kucheka kidogo, lakini kidogo tu.

Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi ya kutosha, nacho ni namna mji wetu wenyewe unavyotengeneza hii ajali. Kongo tunaendesha ku mkono wa kuume. Lakini Lubumbashi iko karibu na Zambia, na magari yetu mengi yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, usukani wake uko kuume, uliotengenezwa kwa nchi ambako watu wanaendesha ku kushoto. Sisi tumezoea, hata hatuoni tena. Lakini fikiria. Shofere anayekaa kuume anataka kupita kamyo iliyo mbele yake. Macho yake yako upande wa nyasi. Ili aone kama kuna gari inayokuja, lazima kwanza atoshe pua ya gari yake yote mu njia ya wengine. Shofere wa kawaida anaweza kungojea, au kumuuliza aliyekaa kushoto: «Kuko mtu?» Shofere wa ambulansi mwenye usukani kuume, na mgonjwa nyuma, na familia inayopiga kelele «papa, kanyaga!», hangojei. Anatosha pua, na Mungu anajua kilicho mbele.

Ongeza taxi-bus. Ile iliyotoka Japani mlango wake uko kushoto, maana yake kwetu unafunguka katikati ya barabara. Zingine zimegeuzwa, zingine hapana. Watu wanashuka mu njia ile ile ambayo ambulansi inataka kupita. Ongeza delestaji: SNEL ikikata, taa za makutano zinazimika, na kila mtu anakuwa rulaji wa nafsi yake. Ongeza mziki mu taxi, vioo vimefungwa juu ya vumbi, motari mwenye kofia ngumu masikioni na asiye na kioo cha kuona nyuma. Ongeza mvua ya Januari juu ya lami yenye mashimo. Hapa sirene haifanyi kazi ile tunayoiona mu filamu. Watu wanaisikia wakati gari iko karibu sana, na hawajui inatoka upande gani. Mmoja anasogea kuume, mwingine kushoto, wa tatu anasimama katikati kabisa ya makutano juu ya woga.

Tulifanya hesabu. Kati yetu kuko wenye diploma ya fizikia wasio na kazi, kwa hiyo wakati wa kuhesabu haupungui. Gari inayokimbia kilomita 80 kwa saa inapita karibu metre 22 kwa kila sekonde moja. Mtu anahitaji sekonde moja au zaidi ili tu akili yake iambie mguu wake ukanyage breki. Kabla breki haijaanza, gari imekwisha kula metre 22, na ambulansi ya Land Cruiser haiko nyepesi. Kwa mwendo wa 40, ni metre 11. Na nguvu ya kugonga haizidi mara mbili mwendo ukizidi mara mbili, inazidi mara nne. Mtu aliyegongwa kwa 40 na mtu aliyegongwa kwa 80 hawakugongwa na kitu kimoja.

Na tunapata nini? Chukua safari ya kilomita 5 mu mji. Kwa 60, bila kusimama, ni dakika 5. Kwa 80, ni dakika 3 na sekonde 45. Faida yote ni sekonde 75, tena kama barabara iko wazi kabisa, na sisi hatujaiona Lubumbashi yenye barabara wazi kabisa mchana. Haiko sisi tu tunaosema. Huko Marekani, mu mji wa Greenville, Carolina ya Kaskazini, waganga walipima mwaka 1995 safari za ambulansi zenye sirene na zisizo na sirene ku njia zile zile. Tofauti ilikuwa sekonde 43 na nusu kwa wastani. Uchunguzi mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 2019 uliangalia mamilioni ya safari za ambulansi. Wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitali, ajali zilikuwa 7 kwa kila safari 100,000 bila taa na sirene, na 17 pamoja nazo. Na hiyo ni nchi yenye barabara pana, taa zinazowaka, na ma-shofere waliofundishwa kwa hii kazi.

Hatusemi ambulansi itembee kama gari ya matanga. Kuna mtu ambaye hapumui, kuna mama anayevuja damu baada ya kuzaa, na kwao dakika moja ni dakika moja. Lakini haiko kila mgonjwa, na mtu wa kuamua ni muganga aliye ndani ya gari, haiko kelele ya ndugu wa mgonjwa. Swali ni: mu ambulansi zetu, mara ngapi kuna muganga ndani? Mara nyingi nyuma kuko paka shangazi anayeshika chupa ya serumu kwa mkono.

Na hapa tunafika ku jambo linalotuumiza zaidi. Zile dakika tunazotaka kuziiba barabarani kwa kukimbia, tulizipoteza wapi? Usiku wa saa nane mtoto anatetemeka kwa homa, au papa anashika kifua. Familia inaita nani? Uliza watu kumi mu kartiye, nambari gani unapiga ukitaka ambulansi. Utapata majibu kumi: nambari ya muganga wanayemjua, nambari ya jirani mwenye gari, nambari ya motari, nambari ya pasta. Jirani anatafutwa, anaamka, hana mafuta. Watu wanachanga falanga ya mafuta. Wanafika hospitali ndogo, wanaambiwa «hapa hatuwezi, mpelekeni kubwa». Ile ndogo iko na ambulansi, lakini mafuta ni ya familia, na shofere amelala kwake. Saa moja imekwisha, pengine saa mbili. Ndiyo hapo sasa wanaingia mu ambulansi, na shofere anaambiwa akimbie. Anakimbia ili kulipa saa mbili ambazo haiko yeye aliyezikula. Akifika salama, mgonjwa anangojea tena mlangoni, juu wanaomba falanga ya kwanza kabla ya kumugusa.

Mtu anayetaka kuokoa dakika azitafute hapo. Nambari moja ambayo kila mtu anaijua na ambayo mtu anaitika. Mafuta mu tanki kabla ya usiku. Shofere wa zamu aliye macho. Mapokezi yanayomshika mgonjwa kwanza. Ukipata hivyo vinne, unaweza kumwambia shofere atembee 50 na bado mgonjwa atafika mapema kuliko leo.

Nje ya mji ni mbaya zaidi. Barabara ya kwenda Likasi na Kolwezi, barabara ya Kasumbalesa, ni barabara za kamyo. Kupanda inaleta asidi, chokaa na mafuta kwa migodi, kushuka inapeleka shaba na kobalti. Tunapita kati yao na taxi-bus zetu. Tunalipa peaji, wao wanalipa peaji, falanga inaingia kila saa. Tarehe 20 Februari 2019, ku Kabwe, ku barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya salfa ikienda mgodi wa Mutanda iligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliunguzwa na ile asidi. Ukifika pale kuokoa bila kujua ni nini kilichomwagika, bila viatu, bila glavu, bila maji ya kutosha, unakuwa mgonjwa wa pili. Tarehe 6 Oktoba 2018 ilikuwa Mbuba, mu Kongo Central, ku barabara ya taifa nambari 1: kamyo ya mafuta iligongana na gari ingine, moto ukawaka, zaidi ya watu 50 walikufa. Na Sange, mu Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya mafuta iliyopinduka ilichoma watu zaidi ya 200.

Kwa nini tunakumbusha hizi mu barua juu ya sirene? Juu zinaonyesha kitu kimoja. Kwetu wanaofika wa kwanza ku ajali ni watu wa kijiji na vijana wa moto, haiko wale wanaolipwa kwa hiyo kazi. Hakuna anayefunga barabara mbali kidogo ili kamyo ingine isiingie mu lundo la watu. Hakuna anayesema «msisogee». Gari la kwanza la msaada linapofika, linafika kwa kukimbia, katikati ya umati, usiku, moshi mbele. Sasa jiulize nani atashangaa likigonga mtu.

Mtu anaweza kusema: Kongo iko na vita, iko na njaa, nyinyi munasema juu ya sirene? Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka mu dunia, na Afrika njo bara ambako mtu ana hatari kubwa zaidi ya kufia barabarani. Kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 29, barabara ndiyo inayoua kuliko ugonjwa wowote. Miaka 5 mpaka 29. Ni sisi, na wadogo zetu. Hii haiko habari ya pembeni mu maisha ya vijana.

Turudi ku shofere. Ajali ikitokea, kitu cha kwanza umati unafanya ni kumtafuta yeye. Mawe, petroli, kiberiti. Tumekwisha kuona mu mji huu kamyo ikichomwa dakika kumi baada ya kugonga mtu. Harakati yetu inasimama ku njia isiyo ya fujo, na hapa tunalisema tena bila kuzunguka: ambulansi ikigonga mtu, usiivunje. Ndani kuna mtu amelala. Pengine ni mama ya mwenzako. Wakati munamkimbiza shofere mu vichochoro, yule wa ndani anakufa, na yule aliyegongwa pia anakufa, juu gari ya kuwabeba wote wawili mumekwisha kuichoma. Zuia barabara, toa msaada, piga foto ya nambari ya gari, andika saa. Sheria itamshika shofere. Kama sheria haimshiki, hapo ndipo tunapoingia sisi, na kwa hilo hatuna haya.

Na shofere mwenyewe tunamjua. Ni papa aliyeajiriwa kwa sababu alikuwa na permi, au kwa sababu mtu alimjua mtu. Hakuna aliyemfundisha kuendesha gari lenye mgonjwa, namna ya kuingia mu makutano, namna ya kupunguza mwendo ku shimo ili mfupa uliovunjika usitoboe nyama. Mshahara wake unafika ukitaka. Matairi yamekwisha kulika. Akichelewa, familia inamtukana, akigonga mtu, anaenda gereza. Wakubwa wanaopaswa kumpa matairi hawamo mu ile gari, na mu ile gereza hawataonekana.

Tunayoomba haiko mengi, na mengine hayaombi hata falanga moja.

Kwa meri ya Lubumbashi, kwa serikali ya Haut-Katanga na kwa polisi wa rulaji: tosheni sirene na taa za kuzunguka ku gari zote ambazo haziko na haki. Zote. Anzeni na zenu. Operesheni ya kukamata motari munaijua kufanya vizuri sana, kila mwisho wa mwezi tunaiona. Fanyeni moja kwa jipu. Halafu mutoe orodha ya magari yenye haki ya kulia sirene mu mji huu, mbele ya watu wote, pamoja na nambari zao. Hii ndiyo kazi isiyo na bei na itakayookoa watu wengi kuliko zote, juu siku watu watajua kwamba sauti ile ni ya mgonjwa tu, watasogea. Watu wa Lubumbashi hawana roho mbaya. Wamedanganywa mara nyingi tu.

Kwa wenye ambulansi, ziwe za serikali, za kanisa, za kampuni au za mtu binafsi: kanuni moja iandikwe ndani ya kila gari, mbele ya macho ya shofere. Ku makutano, taa ikiwa nyekundu au imezimika, unasimama kwanza, unaangalia, unapita polepole. Sirene au si sirene. Sekonde tano. Na gari mbili zikiitwa ku tukio moja, zisifuatane karibu. Watu wanaachia ya kwanza, wanarudi mu njia, na ya pili inawagonga.

Kwa kampuni za migodi: muko na ambulansi nzuri kuliko hospitali nyingi, na barabara munayoiharibu ni ile ile tunayopita. Ajali ikitokea ku barabara yenu ya asidi, gari yenu isiulize kwanza kama mgonjwa ni mfanyakazi. Hili liwekwe mu mikataba na watu wa vijiji, liandikwe, lisibaki ahadi ya kinywa mbele ya kamera.

Na falanga ya peaji: tunataka kujua ni ngapi inaenda ku usalama wa ile barabara. Ni swali la hesabu, tunangoja jibu la hesabu.

Kila ajali ya gari la msaada ifanyiwe uchunguzi na matokeo yasomwe na watu wote. Haiko kwa kutafuta wa kufunga. Tunataka kujua: ilikuwa saa ngapi, mwendo gani, usukani upande gani, breki zilikuwa namna gani, shofere alikuwa amelala saa ngapi. Leo hakuna anayejua kitu, kwa hiyo kila ajali inatokea kama ya kwanza.

Sasa wewe, ndugu, dada, unayesoma hii ku telefone yako mu taxi. Ukisikia sirene: punguza, sogea ku mkono wa kuume, simama. Kama uko katikati ya makutano, usisimame pale, vuka kwanza halafu usogee. Usikimbie mbele yake. Mwambie papa shofere wa taxi apunguze mziki, kwa heshima, atakusikia. Ikiisha kupita, angalia nyuma, pengine kuna ingine. Na ba-motari wetu: ule mchezo wa kujibandika nyuma ya ambulansi ili kutoka mu ambutiyaji, uacheni. Ikifunga breki, unaingia ndani yake pamoja na mteja wako, na mgonjwa anakuwa wa tatu.

Tunakusanya pia ushahidi. Ukiona jipu isiyo na mgonjwa ikilia sirene, andika siku, saa, avenyi na nambari ya gari, utume kwetu. Usitume sura za watu, na kamwe usitume foto ya mtu aliyeumia. Usijiweke mu hatari kwa ajili ya foto. Tutakusanya kwa siku thelathini, tutapeleka barua ku meri na ku polisi pamoja na ile orodha, tutaomba watie mhuri ku kopi yetu, na hiyo kopi tutaibandika hapa, iwe na jibu au isiwe na jibu.